Mwendo wa Bi Chiku

Tangu harusi ile ya Chumbageni, wanawake wa mtaa walikuwa wakimsalimia Bi Chiku kwa pua. Walimkaribia kama kawaida, wakampa mkono, wakamuuliza habari za mjukuu, lakini kabla hajajibu kila mmoja alivuta pumzi kidogo, haraka, kama anayenusa maziwa ajue yamechacha au bado. Kisha wakatabasamu. Bi Chiku aliona. Binti yake, Najat, aliona zaidi.

Siku hiyo palikuwa na hitima kwa Bi Mwanaidi, jirani yao wa Makorora. Hitima yoyote ya mtaa ule, sufuria la pilau lilikuwa la Bi Chiku. Hakungoja kuitwa. Alifika tu, akafunga kanga kiunoni, akashika mwiko. Safari hii alipofika uani, kwa ule mwendo wake mpya wa kuyumba kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, alikuta mwiko umeshikwa na msichana asiyejua hata kukaanga kitunguu.

"Shikamoo, mama," msichana alisema, macho kwenye sufuria.

"Marahaba. Nipe nikusaidie, mwanangu. Kitunguu chako kinaungua."

Bi Mwanaidi akatokea mlangoni mbio mbio. "Aa, Chiku! Njoo ukae huku kivulini. Tuchambulie iliki."

"Iliki imeshachambuliwa. Naiona pale kwenye ungo."

"Basi tuchambulie tena." Akacheka peke yake. "Moto huu, ndugu yangu, na hali yako hiyo. Isije ikawa balaa."

"Hali yangu ipi?"

Bi Mwanaidi akavuta ile pumzi ndogo. "Miguu," akasema.

Bi Chiku akakaa kivulini, akachambua iliki iliyokwisha kuchambuliwa. Najat alisimama kando ya pipa la maji, amembeba mwanawe Warda mgongoni, akiangalia vidole vya mama yake vikirudia kazi isiyokuwapo. Pilau lilipopakuliwa lilikuwa bichi katikati na limeungua chini. Wote walilila wakasifu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, polepole, mama amemshika binti bega, watoto wa uchochoroni waliacha mpira wao. "Bi Mgema! Bi Mgema kapita!" Mmoja akalegeza magoti na kupepesuka mpaka ukutani. Wenzake wakaangua kicheko. Najat akaokota jiwe.

"Litupe," alisema mama yake.

"Mama, hawa—"

"Hawa wamefundishwa. Litupe, twende."

Aliyewafundisha hakuwa mtu wa Makorora. Alikuwa Bi Sabra wa Raskazone, mwenye sufuria na meza na mahema ya kukodisha, ambaye hapakuwa na harusi kubwa Tanga nzima isiyopita mkononi mwake. Bi Chiku ndiye aliyekuwa mpishi wake, na chakula kikishaiva ndiye pia aliyekipeleka ukumbini. Bi Sabra hakutaka ndala mbele ya wageni. Alimpa viatu vyake mwenyewe vilivyochakaa, vyeusi, vimechongoka mbele kama mdomo wa samaki chuchunge. Bi Chiku alipomwambia vinabana, aliambiwa vitatanuka. Basi akavivaa, harusi hadi harusi, akisimama kwenye sakafu ya saruji tangu alfajiri. Havikutanuka. Mguu ndio uliokubali kuwa mwembamba.

Pale Chumbageni mguu ulikataa. Bi Chiku aliinamia upande, sinia la pilau likamponyoka, wali ukamwagikia mapajani mwa mama yake bwana harusi. Bi Sabra akaona jina lake linamwagika pamoja na ule wali, akachukua kipaza sauti mkononi mwa mshereheshaji, akasema kwa sauti ya mzaha, "Mtuwie radhi, mabibi. Mwenzetu leo kapitia kwa mgema."

Wanawake walicheka mpaka wakafutana machozi. Bi Chiku, ambaye hajawahi kuonja mnazi hata kwa kulazimishwa, aliokota wali wa watu kwenye zulia huku kicheko kikimpita juu ya kichwa.

Siku ile ya hitima, walipofika kwao, Bi Chiku alijishusha kitandani kwa kushika ukuta. "Sitaki chake Sabra," alisema, kama aliyekuwa akijibu swali. "Nataka aseme mbele za watu kwamba sikulewa. Basi. Nikifa na jina hili, hata maiti yangu watainusa."

* * *

Hospitalini walipelekwa chumba cha mwisho, chenye vioo na vyuma vya kushikia. Mtaalamu wa viungo alikuwa dada wa Kisambaa aliyeitwa Devota, msalaba mdogo shingoni, mikono mipana kama ya mkulima. Bi Chiku alianza kumweleza habari za goti, akaenda kwenye nyonga, akapanda mgongoni, akamalizia kwa kichwa kinachomgonga kila jioni. Goti lilikwisha kuchuliwa kwa mafuta ya nyonyo, mgongo ukapigwa chuku, na kichwa kikasomewa. Hakuna kilichosikia dawa.

"Vua viatu, bibi," Devota alisema. "Tembea mpaka dirishani, urudi."

Bi Chiku akaenda na kurudi. Devota alikuwa amechuchumaa sakafuni kabisa, shavu karibu ligusane na vigae, akiangalia miguu tu.

"Jikoni kwako unapikia nini?"

"Kuni. Gesi naiogopa."

"Mafiga mangapi?"

"Matatu. Kwenu Lushoto mnapikia mangapi?"

Devota akacheka, akaushika mguu wa kulia wa Bi Chiku kwa mikono miwili. "Na mguu ni hivyo hivyo. Figa la kwanza hili hapa, kisigino. La pili chini ya dole gumba. La tatu chini ya kidole cha mwisho. Wewe mzima, na kichwa chako, ni sufuria lililokaa juu yake. Sasa tazama. Kiatu kimelisukuma dole gumba likalala kwa mwenzake, mwenzake akapanda juu, na kifundo cha hilo dole kikatokeza nje. Ukikanyaga pale panauma. Kwa hiyo unapakimbia. Unakanyaga ukingo wa huku nje."

"Figa limezama," alisema Bi Chiku.

"Limezama."

"Na sufuria limelala upande."

"Ndiyo, bibi. Goti linajipinda kuufuata mguu. Nyonga inapanda upande mmoja. Mgongo unavuta kwa nguvu usianguke, shingo nayo inausaidia mgongo. Ndiyo maana kichwa kinauma. Ndiyo maana unayumba, mpaka mtu akikuona kwa mbali anaweza kudhani..." Devota akajizuia.

"Alishadhani," Bi Chiku alisema. "Akatangaza."

Devota akaukandakanda mguu. Kisha akaeleza la kufanya: viatu vipana vilivyo laini, kipande cha kuinua figa lililozama, na mazoezi ya vidole asubuhi na jioni, hata kama yataonekana ya kitoto. Kidole hakitarudi kilipokuwa. Mwendo unaweza kurudi, kiasi chake, kwa miezi.

Najat alikuwa ameketi pembeni akimnyonyesha Warda. Alikuwa amesikia maneno yote, lakini lililobaki kichwani mwake lilikuwa moja, nalo halikuwa la tiba: kumbe mtu anaweza kuvunjwa mgongo kwa kuanzia kidoleni.

* * *

Najat alikuwa mpakaji wa hina. Hakuwa na duka wala ubao. Wanawake walipeana namba yake, kwa sababu maua yake yalikaa na mkono wake haukutetemeka. Siku alipopigiwa simu na mpwa wa Bi Sabra, alikuwa uani akifua.

"Harusi ya Shemsa, binti wa shangazi, ni Jumapili. Shangazi anakutaka weye. Kasema hina ya mtu mwingine haitaki, hata akipakwa bure."

"Nitakuja," Najat alisema, bei haijatajwa.

Mume wake, Luqmani, aliyeshusha machungwa kutoka malori ya Muheza, alikuwa ameketi kizingitini akijisugua utomvu mikononi. "Umekubali upesi mno."

"Kazi ni kazi."

"Weye ukikubali kazi hulalamika kwanza. Leo hujalalamika."

Hakumjibu. Lakini siku ya kwenda, Luqmani alimkuta chumbani akichanganya vitu viwili katika vibakuli viwili. Kimoja kilikuwa hina na mafuta ya mkaratusi, harufu anayoijua tangu alipomwoa. Cha pili kilikuwa rangi nyeusi ya kupaka, nacho kilipanda puani kama kitu cha gereji.

"Hiyo nini?"

"Piko."

"Piko lako halinuki hivyo."

"Hili la Bi Sabra." Najat alikuwa akijaza koni, polepole, kwa ncha ya kijiko. "Lile lililomchoma bi harusi wa Pongwe, akapelekwa kwa mumewe amebebwa. Usiniangalie hivyo. Shemsa simgusi, hana kosa nami. Mamake tu, tena nyayoni. Siku ya harusi atapepesuka mbele ya wakwe zake, nami nitakuwa nimekaa pale nauliza: mama, umepitia kwa mgema?"

"Utafungwa, Najat."

"Piko linawakataa watu kila siku. Nani kafungwa?"

"Na mamako akijua?"

"Mama hajui kuchukia. Nimemrithi kila kitu, hilo sikulirithi." Akaikunja koni, akaifunga. "Kamwaga mboga. Miye namwaga ugali."

Luqmani hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimnyanyua Warda, aliyekuwa amesimama kwa kushika mguu wa meza, akatoka naye nje. Jirani aliyemwona angedhani amekasirika. Hakuwa amekasirika. Alikuwa akiona haya kwa sababu, moyoni kabisa, naye alitamani kuona Bi Sabra akipepesuka.

* * *

Nyumba ya Raskazone ilinukia udi mpaka getini. Shemsa alikuwa amelazwa kwenye godoro sebuleni, na shangazi zake wamemzunguka, wakimtania mpaka anacheka na kuharibu maua. "Tulia, bi harusi," Najat alimwambia kwa upole wa kweli. Msichana hakuwa na ubaya.

Bi Sabra alipita na kurudi, akiamrisha, viatu virefu vikigonga vigae hata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Sabra."

"Marahaba, Najat. Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie."

Basi. Neno moja, kama sarafu ya kumtupia mtu asiyekuomba. Najat akainama, akaendelea na ua, na ile koni ya pili aliyoificha kifuani aliihisi ikimgusa ngozi.

Shemsa alipomalizika, Bi Sabra alisema, "Miye nipake chumbani. Huku kuna makelele." Akatangulia. Walipoingia akafunga mlango kwa ufunguo. Najat aliona jambo hilo la ajabu, lakini alikuwa na lake. Bi Sabra akakaa kitandani, akavua viatu, akatoa sauti ambayo mwanamke huitoa mzigo ukishuka kichwani.

Najat alipiga magoti kwenye busati. Akatoa koni nyeusi. Akaunyanyua mguu wa kulia wa adui yake, akauweka pajani mwake, na hapo mkono wake usiotetemeka ukasita.

Aliujua mguu ule. Kifundo kilitokeza nje, chekundu. Dole gumba limelala kwa mwenzake, na mwenzake amepanda juu. Chini palikuwa na sugu ngumu kama kifuu, na ukingo wa nje ngozi imekauka kwa kukanyagiwa. Angefumba macho akapapasa, angesema huu ni mguu wa mama yake. Viatu vile vyeusi vilikuwa vya Bi Sabra kabla havijawa vya Bi Chiku; na baada yake Bi Sabra alinunua vingine vilevile, vipya.

Akabonyeza chini ya dole gumba.

"Uuu! Polepole hapo!"

"Na goti?"

"Goti gani?"

"La upande huu. Halikusumbui?" Najat aliuliza bila kuinua macho. "Nyonga je? Ukiamka, mgongo haufunguki mpaka jua litoke. Jioni shingo, halafu kichwa."

Alipotazama juu alimkuta Bi Sabra amebadilika rangi, mkono mdomoni.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Mlinisomea."

"Tulikusomea nini?"

"Halbadiri. Usinifiche, mwanangu. Mamako alinisomea Halbadiri, nilaanike." Na yule mwanamke aliyekuwa akiamrisha ukumbi mzima kwa kidole akaanza kulia, kwa kujibana, ili sebuleni wasisikie. "Nimekwenda Dar, wameupiga picha mgongo. Wamenipa vidonge, vimenichoma tumbo. Hawaoni kitu. Nikaenda Pangani kwa mtu, akanitazama nikiingia tu mlangoni. Akasema, kuna mwanamke umemdhulumu mbele za watu, na mwendo wake umekuja kwako. Miye nilijua pale pale ni nani. Unadhani nimekuita kwa ajili ya hina? Wapaka hina wako tele."

Huko kote alikokwenda, Bi Sabra aliingia na viatu, akalala kitandani na viatu, akatoka na viatu. Hakuna aliyemwambia avue.

"Juzi nimepepesuka dukani," aliendelea. "Muuza duka kaniangalia vile..."

"Vile vipi?"

"Vile."

"Vipi, Bi Sabra?"

"Kama nimelewa."

Lilikuwapo neno moja tu la kumwambia. Viatu. Mtu mwema angelisema. Najat alilishika mdomoni, akalinyonya kama ubuyu, chachu na tamu pamoja, na kadiri alivyolinyonya ndivyo alivyoona halina haja ya kutoka. Akairudisha koni nyeusi kifuani. Ya nini kumchoma mtu anayejichoma mwenyewe, kila siku, tangu asubuhi, tena kwa vitu alivyoagiza Dubai?

"Niambie atakacho," Bi Sabra alimshika bega. "Nitampa. Cherehani, friji, chochote."

"Mama hataki chako."

"Basi mlete hapa nimwombe radhi. Jioni, kwa siri, miye na yeye."

"Ulimtukana kwa kipaza sauti."

Bi Sabra akatazama chini.

"Jina lake liliharibiwa mbele za watu," Najat alisema. "Pembeni halitengenezeki. Alhamisi wanawake wa mtaa wana darasa barazani kwa Bi Mwanaidi. Mama huwa pale. Njoo useme yaliyokuwa. Mengine ni ya Mungu."

Hakusema Halbadiri ilisomwa. Wala hakusema haikusomwa. Alichukua koni ya hina safi, akamchora Bi Sabra maua mazuri kuliko yote aliyowahi kuchora, kuzunguka kile kifundo chekundu, mpaka kikafanana na tunda.

"Una mkono mwepesi," Bi Sabra alisema huku akijifuta machozi.

"Ahsante, mama."

Nyumbani alimsimulia mama yake kila kitu, isipokuwa ile koni, ambayo alikuwa ameitumbukiza chooni. Bi Chiku alisikiliza akiwa ameupa ukuta uso.

"Hukumwambia ni viatu?"

"Hakuniuliza habari za viatu."

"Astaghfirullah, Najat." Akageuka kutoka ukutani. "Kidole cha pili kimepanda?"

"Kimepanda."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

Bi Chiku akaanza mazoezi yake ya vidole.

* * *

Gari la Bi Sabra halikuweza kuingia uchochoroni kwa sababu ya mchanga. Alishuka barabarani, akaja kwa miguu na shangazi wawili wa Shemsa nyuma yake, viatu virefu vikizama kila hatua, kiwiliwili kikienda kushoto na kurudi. Barazani kwa Bi Mwanaidi darasa lilikuwa limekwisha, kahawa inazunguka. Watu wakaacha vikombe hewani. Bi Chiku alikuwa ukingoni mwa mkeka, mahali alipopewa siku hizi, amevaa viatu vyake vipya vipana ambavyo watoto wa mtaa waliviita maboti.

Bi Sabra alivua viatu penye mkeka. Nyayo zake zilikuwa nyekundu, nzuri mno, na wanawake wakazitazama.

"Asalaam aleikum, mabibi."

Waliitikia kwa wasiwasi. Hakukaribishwa kahawa mara moja.

"Nina neno," alisema, sauti ndogo. "Siku ile Chumbageni nilisema maneno juu ya dada Chiku. Hayakuwa kweli. Hakulewa."

Bi Chiku akakitua kikombe chake chini kwa uangalifu.

"Bi Mwanaidi hasikii upande wa kulia," alisema. "Rudia, Sabra."

Bi Sabra akageukia upande wa kushoto wa Bi Mwanaidi. "Hakulewa! Nilisema kapitia kwa mgema. Hakupitia."

"Basi alikuwa na nini?" Bi Mwanaidi aliuliza, ambaye kusema kweli alikuwa amesikia tangu mwanzo.

"Viatu. Nilimpa viatu vyangu, vikambana. Aliniambia. Nikamwambia vitatanuka." Hata alipokuwa akiyasema hayo kwa kinywa chake, haikumjia kuyaangalia mara mbili. "Aliumia, akaanguka. Nikaona aibu kwa wageni, nikamsingizia."

"Na wale watoto pale kwenye mpira," Bi Chiku alisema. "Wao ndio huniimba. Nao wanataka kusikia."

Shangazi mmoja akanung'unika. Bi Sabra akamnyamazisha kwa mkono, akashuka barazani peku, akaenda mpaka kwenye watoto. Waliokuwa barazani hawakusikia aliyowaambia. Waliona tu mwanamke wa Raskazone ameinama mchangani na kundi la watoto limemkodolea macho, na mmoja akitikisa kichwa kukubali, kwa adabu ya woga. Bi Mwanaidi, ambaye haya zilimpanda ghafla, alisogea akamwambia Bi Chiku, "Njoo ukae huku katikati, ndugu yangu. Upepo uko huku." Bi Chiku akasogea. Hakuna aliyevuta ile pumzi ya kunusa.

Bi Sabra aliporudi alipiga magoti, kwa shida, goti la kulia likikataa. "Dada Chiku, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Kabisa?"

"Jina langu umenirudishia. Sina dai."

Bi Sabra akamsogelea sikioni, lakini Najat, aliyekaa nyuma ya mama yake, alisikia. "Na ile nyingine. Itengue, dada. Harusi ni Jumapili."

"Sikukusomea Halbadiri, Sabra," Bi Chiku alisema waziwazi. "Wallahi sikukusomea. Hata maneno yake siyajui."

Bi Sabra akatabasamu, akamfinya mkono. "Najua, dada. Najua. Mambo hayo hayasemwi." Na uso wake ukanawiri kwa mara ya kwanza, uso wa mtu aliyekwisha kupona.

Najat alimtazama mama yake. Alimjua. Ni mama ambaye muuza duka akimzidishia chenji hurudi jua kali kumpelekea. Kweli ya kwanza amekwisha kuisema, na ya pili itafuata. Itatoka sasa hivi, kwa sauti ile ile ya upole, naye Najat atabaki na kisasi mkononi kama sahani tupu. Bi Sabra alikuwa amefika ukingoni mwa mkeka. Alikuwa akivaa. Kiatu cha kulia hakikuingia kwa wepesi; ilibidi ainame, avikusanye vidole kwa mkono, avibane, avisukume ndani kimoja baada ya kingine. Bi Chiku aliangalia kazi yote hiyo mpaka ikaisha. Midomo yake ikafunguka.

"Sabra."

"Labeka, dada."

"Viatu vyako vizuri."

Bi Sabra alifurahi kama mtoto. "Unavipenda? Nitakuagizia. Rangi hii hii."

"Usiniagizie miye. Vaa mwenyewe." Bi Chiku alichukua kikombe chake cha kahawa. "Vinakupendeza. Vaa kila siku."

Walimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa uchochoro. Alikuwa ameshika ukuta wa nyumba za watu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anawapungia. Wale shangazi walikuwa wakicheka, wamefarijika. Barazani mazungumzo yakarudi, na Bi Mwanaidi akawa anaeleza habari ya maulidi ya mwezi ujao, na sufuria kubwa, na nani mwingine wa kulishika kama si Chiku.

Najat aliinama sikioni kwa mama yake. "Nilidhani utamwambia."

"Hata miye nilidhani."

Bi Chiku alikunywa kahawa, akaimaliza, akakitazama kikombe.

"Mungu akinipa moyo mwingine kesho, nitamwambia," alisema. "Leo ninao huu huu."